Saa Moja na Nusu Kutoka Mwanza

Sauti ya rubani akitangaza muda wa safari hunikuta kila mara nimekaza meno. Mwanza hadi Dar es Salaam, saa moja na nusu. Wenzangu hufunga mikanda. Mimi hasira yangu ya darasa la sita hunirudia nzima nzima.

Kwetu ni Mdandu, huko nyanda za juu kusini, na haya nawaambieni ninyi tu. Babu alipofariki, Baba Mkubwa, mwanawe wa kwanza, alikuwa akifanya kazi Mwanza. Alipigiwa simu Jumatatu asubuhi, akasema anakuja. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini, kwa hiyo tukamngoja. Jumanne tukangoja. Jumatano baridi ilitafuna masikio ya waombolezaji, viazi vikaisha, na Bibi akawa anatoka nje kila gari likipiga honi barabarani. Alhamisi baba yangu, mdogo mtu, akautupa udongo ule badala yake. Kila aliyeuliza, Bibi alimjibu kwamba Mwanza ni mbali, mwanawe angetamani sana kuwepo.

Nikala yamini kwamba yule mtu nitamkomesha. Sikuwa na haraka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Niliazima atlasi ya mwalimu, nikapima kwa uzi na rula. Tukienda Makambako kuuza viazi, niliwasumbua mawakala wa mabasi pale stendi. Mzee mmoja mwenye malori, mkazi wa Lyamkena aliyewahi kupanda ndege, ndiye aliyenipa saa za angani. Alinicheka, akaniuliza kama nataka kutoroka kwetu. Nikamwambia hapana, kuna mtu namfanyia hesabu.

Baba Mkubwa akaja mwaka uliofuata, kwenye misa ya kumbukumbu, na suti yake na viatu vya kung'aa. Baada ya chakula akasimama kuwaeleza wageni jinsi umbali ulivyomnyima kumzika baba yake. Watu wakaguna kwa huruma. Loo, damu ilinichemka! Nikasimama na daftari langu.

"Ndege Mwanza hadi Dar, saa moja na nusu," nikasoma. "Basi la alfajiri kutoka Dar, Makambako unafika jioni. Makambako hadi hapa, saa moja. Baba Mkubwa, ulipigiwa simu Jumatatu asubuhi. Jumanne ungelala hapa. Babu tulimzika Alhamisi."

Baba Mkubwa akatazama viatu vyake, kijasho kikimtoka katika baridi ile. Jamani, nisiwadanganye, ilikuwa tamu kuliko asali. Nikageuka kumtafuta Bibi anisifu. Alikuwa amejifunika kitenge usoni.

"Kaa chini, mjukuu wangu," akasema, basi.

Nilidhani ameudhika kwa utovu wangu wa adabu. Nilikuwa mtu mzima tayari Shangazi aliponiambia kwamba wiki ile ile ya msiba Bibi alimuuliza padri saa za ndege, naye akamjibu. Alijua. Umbali ule aliushikilia makusudi, kwa sababu ndio uliomwachia mwana anayetamani kuja.

Baba Mkubwa sijamsamehe, wala sina mpango huo. Lakini Krismasi iliyofuata misa ile, jirani alimuuliza Bibi kama mwanawe anakuja. Bibi, akiendelea kupepeta mahindi yake, akasema, "Haji. Hataki."