Nia Iliyosomwa Hurlingham

Naliaka aliibeba bahasha ya tajiri wake ndani ya sidiria, kwa kuwa mvua ya Mei haibishi hodi na begi lake lilikuwa la kitambaa. Alasiri ya jana yake Mama Shiku alimletea jikoni, imefungwa kwa gundi, akiishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Alimwambia ambebee nia yake, ombi lake, mpaka Namugongo kwa mashahidi wa Uganda, kwa sababu Naliaka ndiye Mungu anamsikia. Naliaka alifurahi hata akaona haya. Kwa miaka kumi na minne katika nyumba ile ya Lavington alikuwa amebebeshwa mengi: mtoto, mitungi ya gesi, mapazia mazito ya kufua kwa mkono. Hakuwahi kubebeshwa siri.

Mahujaji thelathini na mmoja walibarikiwa katika kanisa moja la katikati ya mji, wakaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vitambaa vya buluu shingoni. Walikuwa wanakwenda Uganda kwa miguu, wiki tatu barabarani, na siku hii ya kwanza iliwataka wafike Kikuyu kabla ya giza. Mbele alitangulia Lazarus, katekista wao wa Kawangware, fundi wa viatu siku za kazi, kipaza sauti kikining'inia begani. Naliaka alitembea na rafiki yake Awuor, muuza omena, dagaa wa ziwani, ambaye kila kilima alikisalimia kwa matusi madogo kisha akakiombea msamaha.

Kikundi chao kina desturi. Kila hujaji hubeba nia yake na nia za walioshindwa kuja. Makaratasi yote hutiwa ndani ya kiondo, na wanapopumzika Lazarus huchomoa matano, moja kwa kila fungu la rozari, akayasoma kwa sauti. Jina hasomi. Maneno huyasoma yalivyo, maana husema nia ambayo watu hawaijui wataiombeaje? Katika kanisa la Mama Shiku, ambako magari ni mengi kuliko waumini, nia hutiwa sandukuni ndani ya bahasha na hakuna anayeifungua. Naliaka alizijua desturi zote mbili. Haikumpitia akilini kwamba siku moja zingekutana.

Zilikutana Hurlingham, kando ya barabara ya Argwings Kodhek, mbele ya duka la dawa lililokuwa bado halijafunguliwa. Naliaka aliitoa bahasha yenye joto la kifua chake, akaitia kiondoni pamoja na karatasi yake mwenyewe, akapiga magoti. Goti la kushoto lilimlalamikia. Akalinyamazisha.

Nia ya tatu ilikuwa yake: Shiku, mtoto wa miaka kumi, apone pumu. Awuor alimfinya kidole kwa upendo. Kisha Lazarus akachana bahasha.

"Ee Mama Maria, nisaidie nimwachishe kazi msichana wangu wa nyumba bila ugomvi. Magoti yamemwisha. Na mtoto akishtuka usingizini anamwita yeye kabla yangu. Nipatie mwingine, kijana, kabla shule hazijafungwa."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," waliitikia wote.

Sauti ya Naliaka ilikuwa miongoni mwa zao, tena juu ya nyingine, kwa sababu yeye ndiye huinua kiitikio. Mdomo wake ulikuwa umemaliza kuomba wakati masikio yalipofika. Alihisi maneno yale yamemwagika juu ya lami na yeye ndiye aliyeyamwaga.

Rozari iliendelea. Yeye hakuendelea.

Walipoinuka Awuor alimkamata Lazarus mkono, akamuuliza kama hajui ni nani hapa anafanya kazi Lavington na kuchechemea. Mzee wa watu alibadilika uso. Alisema hasomi kwa kuchagua, angejuaje. Naliaka alinyoosha mkono, akadai karatasi. Lazarus akasita. Nia ikishaingia kiondoni hufika Namugongo, alisema, imekuwa ya Mungu.

"Mwalimu, mimi ndiye nimeileta," Naliaka alisema. "Mimi ndiye miguu yake. Nikikataa kuibeba, itatembea na nini?"

Lazarus alimtazama, akatazama kiondo, akatoa karatasi pamoja na bahasha yake iliyochanika.

Kutoka pale Naliaka alitembea kama anayefukuza mwizi. Alimpita Lazarus, ikabidi Awuor akimbie kidogo. Msichana. Ana miaka arobaini na saba, ana mjukuu Kimilili anayeota meno, na bado ni msichana. Magoti yamemwisha! Yameishia wapi, kama si kwenye vigae vya nyumba ile, akisugua pembe ambazo mashine haifiki? Na mtoto anamwita. Kwani nani alimfundisha kuita? Wakati Shiku akipigania pumzi mamake alikuwa safarini kikazi, na Naliaka alikuwa amekaa kitandani akimhesabia: vuta, toa, vuta, toa. Alijua sasa kwa nini likizo ilitolewa haraka vile, bila kuulizwa nani atapika.

Awuor alimshauri aichane, aitupe kwenye mtaro. Halafu akaongeza kwamba kama kuna wa kuombewa apoteze kazi, basi yeye ana orodha, na angeanzia na askari wa kaunti wanaomnyang'anya omena. Naliaka hakucheka. Alimwambia hawezi kuitupa. Si yake.

Njia ilipita mbele ya lile geti jeusi la nyumba ya Lavington. Alikuwa amelijua hilo tangu asubuhi, na asubuhi lilikuwa jambo la kujivunia. Mama Shiku alisimama nje na katoni za maji na ndizi, simu mkononi. Shiku alikuja mbio, akamkumbatia Naliaka kiunoni.

"Mpeni msichana wangu maji kwanza," Mama Shiku alimwambia mlinzi, akitabasamu. Aliinua simu apige picha.

Naliaka hakupokea maji. Alimpa bahasha.

"Mbona imefunguliwa?"

"Ilisomwa, Mama Shiku. Kwa kipaza sauti, pale Hurlingham. Watu thelathini na mmoja wakaitikia. Hata mimi niliitikia."

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama taa iliyosahauliwa. Mama Shiku alimwangalia mlinzi, akamwangalia mtoto. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hapa si mahali, kwamba wangeongea akirudi, kwamba hakuimaanisha vile.

"Ungeniambia jikoni," Naliaka alisema. "Miaka kumi na minne tunaongea jikoni. Umeenda kumwambia Mungu, na mjumbe ukanituma mimi. Kama kunituma maziwa."

"Naliaka, tafadhali. Mtoto anasikia."

"Asikie. Magoti yangu yanaenda Uganda. Hii utaibeba mwenyewe."

Mama Shiku aliikunja bahasha, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo ya kufichika ndani ya ngumi. Macho yake yalikuwa mekundu, na Naliaka aliyaona, akakataa kuyahurumia. Siku nyingine labda.

Shiku alivuta kitambaa cha buluu. "Auntie, na yangu ilisomwa?"

"Ilisomwa, mama. Hiyo naenda nayo mpaka mwisho."

"Utarudi lini?"

Naliaka alifungua pini kwenye sketi yake, akatoa ufunguo wa mlango wa jikoni, akamwekea mlinzi kiganjani. "Nitapitia kuchukua sanduku langu," alimjibu mtoto, "na kukusalimia." Kisha akaondoka haraka, kabla mkono ule mdogo haujamshika tena.

Walipanda kuelekea Waiyaki Way bila kuimba. Mvua ilianza. Goti lilimuuma, na safari hii alichechemea waziwazi, kila mtu aone. Awuor alimpa ndizi aliyoichukua pale getini, akasema ndizi haina makosa. Naliaka aliila kwa hasira mpaka ganda.

Kangemi walipumzika chini ya kibanda cha mitumba. Lazarus alichomoa karatasi, safari hii akaisoma kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Watu wakaitikia, kiitikio kikatoka kimelegea, hakina wa kukiinua. Wakageuka kumtazama Naliaka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anayarudia kimoyomoyo na kuyapima maneno ya mtu asiyemjua, moja moja, mpaka la mwisho. Ndipo akaitikia, peke yake.