Mbwa Aliyefungwa Nje ya Duka Letu

Kuna siku mji mzima ulinipigia makofi. Mpaka leo nikiyakumbuka yale makofi, chakula hakishuki.

Habari hii sijawahi kumsimulia mtu wa nyumbani, hata mama yangu mzazi. Leo naitoa. Ukitaka kunitukana, nitukane tu. Hutafika hata nusu ya ninavyojitukana mwenyewe.

Naitwa Siwatu. Niko huku Saskatchewan, Kanada, mwaka wa kumi na sita sasa, kwenye kamji ambako ukipiga chafya benki, posta wanakuombea afya. Duka kubwa la chakula ni moja tu. Mimi nakaa kaunta ya pili, ile inayotazamana na mlango wa kioo.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.

Baridi ya hivyo haina utani. Unavuta pumzi, vinyweleo vya pua vinagandana. Asubuhi ile nusu ya magari ya mtaani kwetu yaligoma kuwaka.

Saa nne na dakika kumi nikainua macho, nikamwona mbwa.

Wa kahawia, masikio yameanguka, mdomo umeota mvi. Kafungwa kwa kamba kwenye chuma cha kuegeshea matoroli. Anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine, kama mtu aliyekanyaga makaa.

Barafu imemganda mpaka kwenye ndevu.

"Bev!" nikamwita mwenzangu wa kaunta ya kwanza. Bev ana miaka sitini na mdomo wake hauna breki. "Njoo uone unyama."

Akaja, akashika kiuno. "Yesu na Maria! Wa nani huyu?"

"Simjui."

"Huyo mwenyewe nikimpata, namvua suruali namfunga pale pale. Tuone nani ataanza kulia."

Tukacheka. Ndiyo, tulicheka.

Nikavaa koti, nikatoka. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoanza kuharibu.

Sikumfungua mbwa. Nilitoa simu kwanza.

Nikapiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa wa mji wetu. Nikaandika: "Nyuzi 34 chini ya sifuri, huyu kaachwa nje ya duka letu. Wewe uliyemfunga, kifuani una moyo au una jiwe?"

Nilivyorudi kaunta, komenti zilikuwa zinamiminika kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Mshenzi. Mwuaji. Apelekwe jela. Afungwe yeye.

Na mimi wakanimwagia sifa. Malaika. Dada mwenye utu. Kuna aliyeandika, "Huyu mama kutoka Afrika ana huruma kutuzidi sisi tuliozaliwa hapa."

Nikavimba, jamani. Kichwa kilikaribia kugusa dari.

Bosi wetu, Garth, akashika kipaza sauti. "Mwenye mbwa wa kahawia hapo mlangoni, tafadhali njoo mbele."

Hakuja mtu.

Baada ya dakika tano nikamnyang'anya hicho kipaza sauti. "Wewe uliyemfunga mbwa nje kama takataka, jitokeze! Usipojitokeza tunawaita watu wa wanyama, na humpati tena maisha yako yote!"

Watu wakapiga makofi. Kweli kabisa. Kutoka kwenye mikate mpaka kwenye nyama, makofi.

Wateja wakawa wanatazamana. Kila mmoja anatikisa kichwa: siyo mimi, siyo mimi. Tukaamua basi, mwenyewe hayumo. Kamfunga pale, kaenda zake kulewa.

Garth akamkatia kamba, akamwingiza ndani.

Yule mbwa hakutulia. Nilimpa kipande cha soseji, hata hakukinusa. Alikuwa anavuta kuelekea kule kwenye kijia cha choo cha wateja, kucha zinakwaruza sakafu, analia kwa sauti nyembamba.

"Anataka kukojoa, masikini," Bev akasema.

Tukamtoa nje akojoe.

Hakukojoa. Tukamrudisha, tukamfungia stoo mpaka gari la kituo cha wanyama lilipofika. Kijana wa kituo akaniuliza maswali, nikajibu yote kwa kiherehere. Akaandika kwenye fomu yake: ametelekezwa, ukatili.

Nikatia saini.

Baada ya hapo nikaenda kufanya usafi kule nyuma. Pale kwenye kijia cha choo nikakuta kikapu cha duka kimeachwa chini. Ndani kuna mkate wa shayiri, kopo la krimu, na pakiti ndogo ya biskuti za mbwa.

Nimesema biskuti za mbwa.

Mnajua nilifanya nini? Nilisonya. Nikasema wateja wa siku hizi hawana adabu, wanaacha vitu popote, krimu itaharibika. Nikabeba kikapu, nikarudisha kila kitu kwenye rafu yake, hata zile biskuti. Akili yangu ilikuwa kwenye simu, nahesabu laiki.

Kwenye saa tano na nusu, mama mmoja mwenye mtoto akanifuata. "Dada, choo hakifunguki. Mwanangu amebanwa."

Nikaenda nikagonga. "Kuna mtu humo?"

Ko. Ko.

Mtu kagonga kwa ndani, chini chini, karibu na sakafu.

"Haya, samahani! Wala usiwe na haraka!" nikasema kwa furaha. Nikamgeukia yule mama, nikamnong'oneza, "Mwenzetu leo tumbo limemgeuka." Tukacheka wote wawili, nikampeleka kwenye choo cha wafanyakazi.

Nilikuwa naondoka nikasikia tena. Ko. Ko. Ko.

Nikajisemea, mtu mwenyewe mkali huyu. Tumeshakusikia, baba.

Saa saba na nusu Garth akaja na ufunguo wa akiba, maana watu watatu wengine walikuwa wamelalamika. Akafungua. Mlango ukagoma kusogea. Kitu kizito kilikuwa kimeuegemea.

Akasukuma kwa bega. "Mungu wangu," akasema. "Ni mzee Orest. Siwatu, piga simu! Piga!"

Mzee Orest Danyluk kila mtu wa pale alimjua. Miaka thelathini alisimamia ghala la ngano la mji. Mjane, miaka themanini na moja, anaishi peke yake mitaa minne kutoka dukani. Alikuwa amelala upande mmoja, nusu ya uso imeporomoka kama nta.

Macho yalikuwa wazi. Yalikuwa yananitazama mimi.

Midomo ikatikisika, neno halikutoka. Na shingo yake ilikuwa wazi. Siku kama ile, mzee wa miaka ile, shingo tupu.

Sasa ngoja niwaambie nilichowaficha tangu mwanzo, kama nilivyowaficha watu wa ule ukurasa.

Skafu yake ilikuwa chini ya miguu ya mbwa.

Aliivua shingoni, akaikunja mara nne, akamtandikia asimame juu yake, asikanyage barafu. Niliiona. Nilipotoka na simu niliiona kwa macho yangu haya. Nikasogea pembeni, nikainua simu juu kidogo, mpaka skafu ikatoka kwenye picha.

Kwa nini? Kwa sababu bila skafu picha ilikuwa inatia uchungu zaidi.

Gari la wagonjwa likamchukua. Siku ile ile nikapata habari zote, kwa sababu mkwe wa Bev ni muuguzi, na kwa mji wetu siri ya hospitali inafika sokoni kabla ya mgonjwa kufika wodini.

Kiharusi. Ulimi umekufa. Upande wa kulia umekufa. Kilichokuwa kinafanya kazi ni mkono wa kushoto tu.

"Wanasema angewahishwa saa ile ya kwanza," Bev akaniambia, hana hata mzaha mmoja mdomoni, "pengine ingekuwa habari nyingine. Alilala pale zaidi ya saa tatu, Siwatu. Na akili yake ilikuwa inafanya kazi. Alikuwa anasikia kila kitu."

Kila kitu. Spika ya kile kipaza sauti iko juu ya mlango wa kile choo.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo.

Ule mkono niliousikia mlangoni ulikuwa unaomba msaada, na mimi nikaujibu usiwe na haraka.

Jioni ile nikaifuta ile posti. Haikusaidia. Watu walikuwa wameshaichukua, imefika miji mingine, imefika majimbo mengine.

Mnadhani nilienda kusema ukweli?

Kituo cha wanyama kinamshikilia mbwa siku tano. Baada ya hapo anapewa mtu mwingine. Nilikuwa na siku tano nzima za kwenda pale dirishani na kusema: futeni yale maandishi, mzee hakumtelekeza, alikuwa anakufa ndani ya choo. Maneno kumi tu.

Sikwenda.

Ningesema nini? Watu bado walikuwa wananisimamisha barabarani. "Wewe ndiye uliyemwokoa yule mbwa? Hongera sana dada." Nikawa naitikia ahsante. Kila asubuhi nilijiambia nitakwenda leo. Kila jioni nilijiambia kesho bado ipo.

Siku ya saba akaingia mwanamke dukani, macho mekundu, theluji mabegani. Miaka hamsini hivi. Akaja moja kwa moja kaunta yangu.

"Samahani, dada. Mimi naitwa Larissa. Ni mtoto wa Orest Danyluk, nimetoka Calgary. Hospitali ilihangaika kunipata, halafu njia ikafungwa na tufani." Akapumua. "Nimekuja kuwashukuru mliomkuta baba."

Bev akageuza uso, akaanza kupanga mifuko iliyokwisha kupangwa.

"Jirani anasema baba alikuwa na mbwa," Larissa akaendelea. "Kasha. Mimi hata sikujua. Hatujaongea miaka sita, tangu msiba wa mama. Mambo ya kijinga tu." Akajifuta pua. "Mkono wake wa kushoto unagonga chuma cha kitanda kutwa nzima. Wauguzi wanadhani ni maumivu. Nilipomtajia jina la mbwa, ukatulia. Nataka nimpeleke Kasha kwenye dirisha la wodi, baba amwone. Mbwa yuko wapi?"

Kasha. Kwetu sanduku, kwa lugha ya mababu zake Orest uji wa nafaka. Nilikuwa nasikia jina lake kwa mara ya kwanza.

Garth akapiga simu kituoni pale pale. Nikamwona bosi anasikiliza, mabega yanashuka.

"Amechukuliwa," akasema. "Jana mchana. Picha ilimpa umaarufu, watu walikuwa wanamgombania. Familia fulani, jimbo jingine. Majina hawatoi. Wanasema kwenye faili imeandikwa ukatili, hata wakiombwa hawawezi kumrudisha."

"Ukatili?" Larissa akauliza. "Nani aliandika ukatili?"

Nikamwambia.

Nilimwambia yote, nimesimama, foleni ya watu inasikiliza. Picha. Skafu. Kikapu. Mlango. Saini. Siku tano.

Nilingoja anizabe kibao. Nilikuwa nakitaka kile kibao.

Larissa hakunyanyua mkono. Alikuwa amekuwa mweupe kuliko karatasi. Akatoa simu, akatafuta, akatafuta, kisha akaiweka kaunta, kioo kikinitazama.

Ilikuwa picha yangu, ile ile, kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Chini yake kulikuwa na komenti ya Jumanne ile, saa tano na dakika kumi:

"Mtu wa hivi atakufa peke yake, na atakuwa amestahili."

Juu yake jina. Larissa Danyluk.

"Bado naufuata mji wetu mtandaoni," akasema kwa sauti ambayo haikuwa na mtu ndani yake. "Niliandika nikiwa nakunywa kahawa."



Akachukua simu yake, akatoka.

Mzee Orest alifariki siku ya tisa. Larissa alikuwa amemshika ule mkono. Mbwa hakumwona.

Mazishini tulikuwa watu kumi na mmoja. Wanawake wa kanisa walipika perogi, mfano wa sambusa za kuchemsha zenye viazi, zikapoa kwenye sinia, hakuna aliyezigusa. Nilimwendea Larissa, nikamwambia pole. Akaitikia kwa kichwa. Hatujaonana tena, na barua zangu mbili hakujibu. Simlaumu.

Kasha nasikia yuko hai, ana nyumba nzuri. Walio naye wanadhani walimwokoa mikononi mwa katili. Tumewaandikia kupitia kituo. Walijibu mara moja tu: "Tafadhali msitusumbue."

Dukani niliacha kazi. Siku hizi nasafisha ofisi za shule, kabla watoto hawajaingia. Kila nikikuta mlango wa choo umefungwa, sigongi. Natafuta ufunguo.

Nilitaka habari hii nife nayo. Lakini mwezi uliopita mpwa wangu wa Tanga aliniletea picha kwenye kundi la familia, nami nikaitambua kabla haijafunguka vizuri. Mtu kayatafsiri maneno yangu kwa Kiswahili. Mpwa wangu kaongeza, "Shangazi, ona wazungu wasivyo na utu." Shemeji kaandika laana. Mama yangu, ambaye hata kuandika anapata shida, katuma sauti anamwapiza mwenye mbwa.

Wamemwapiza marehemu. Kwa ulimi wangu mwenyewe nilionyonyeshwa nao.

Nilikaa na ile simu mpaka chai ikaganda utando. Ndipo nikaanza kuandika haya, na nikimaliza nitayatuma kwanza kwenye lile kundi, mama ayasikie.

Ndugu yangu, siku moja nawe utapita dukani, umkute mbwa kafungwa nje kwenye baridi au kwenye jua kali. Mfungue, mwingize ndani. Halafu uliza kwanza mwenyewe yuko wapi. Kwamba ni mtu wa namna gani, utauliza ukishamkuta.

Mimi nilianza na hilo la pili. La kwanza nilikuja kulijibu saa saba na nusu, na lilikuwa limeshapitwa na wakati.