Jina Lililotangulia Kila Ukurasa

Siandiki haya ili nikutishe, wala sina tena umri wa kutunga mizimu. Niliyaona mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na karatasi yake ningali nayo kabatini. Ukitaka kucheka, cheka. Nami nilikuwa mcheshi kabla ya siku ile.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe, kilichokuwa kimeuzwa kwa mwenye mali mpya. Ofisini tulikuwa wawili: mimi na Shomari, mtu wa Kunduchi, mcha Mungu na mpenda mzaha. Kompyuta yetu iliendeshwa kwa Linux, na mfumo ule ulikuwa na adabu ambayo wanadamu wengi hawana: kila mtumiaji aliishia kwenye mipaka yake. Kubadili mipangilio ya printa, au kugusa faili la mwenzako, kulihitaji neno la siri la msimamizi, nalo alilijua Shomari peke yake. Isitoshe, kila kazi iliyochapwa ilitanguliwa na ukurasa wenye jina la aliyeituma.

Mama yake alipofariki, Shomari alikwenda Kunduchi msibani. Kabla ya kuondoka aliniinamia sikioni akanipa lile neno, kama mtu amwachiavyo jirani ufunguo wa nyumba. Lilikuwa jina la mama yake.

"Ni amana hiyo," alisema. "Na usijipe ufalme, mie narudi baada ya khitma."

Siku ya pili yake meneja alitayarisha kompyutani orodha ndefu ya watakaopunguzwa kazini. Niliifungua kwa lile neno la siri, jina la marehemu, nikajiona humo. Nilikuwa na mke na watoto wanne. Je, Shomari hakuwa nao? Alikuwa nao, na wote nikiwajua kwa majina. Nikalifuta jina langu, nikaandika lake. Kisha, kwa kuwa uovu hupenda usafi, nikaituma orodha kwenye printa kwa akaunti yake, ili ukurasa wa kwanza umtaje yeye. Meneja alitia saini bila kusoma, kama alivyosaini kila kitu.

Shomari alirudi akakuta barua mezani.

"Ulishindwa hata kuningoja nimalize kulia, jirani?"

Haukupita mwezi wa pili, akaugua, akafa. Nililibeba jeneza lake. Wali wa msiba nao niliula.

Tangu mazishi yale, niamini, kila nilichochapa kilitoka kikitanguliwa na jina la Shomari, ingawa akaunti yake nilikwisha kuifuta. Jumamosi moja, alasiri, nilibaki peke yangu ofisini ili niuzime ukurasa ule. Nilikuwa naanza kuandika neno la siri, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Na humo kiooni, nyuma ya bega langu, nikaona mtu ameketi kwenye kiti cha Shomari.

Niligeuka. Harufu ya kafuri ilijaa chumba. Pamba ilikuwa ingali puani mwake.

"Jirani," alisema, kwa sauti yake ile ile ya mzaha, "hebu mtaje mama."

Nikafumbua kinywa. Jina nililoliandika kila siku halikuwapo. Nililitafuta kama mtu apapasaye gizani mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Basi," alisema, "amana yangu nimeichukua."

Printa ikakoroma, bila umeme, na bila karatasi, maana zilikuwa zimekwisha tangu Ijumaa. Ikatoa ukurasa mmoja. Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu. Ukurasani palikuwa na jina moja tu: langu.

Bila neno lile mashine haikunikubali tena, na wiki iliyofuata nilifukuzwa. Hilo ni dogo. Nimekwenda Kunduchi mara tatu kuomba radhi. Mjane wa Shomari ana sharti moja: niketi jamvini, niwaombee dua mumewe na mama mkwe wake kwa majina yao. La Shomari nalitamka. La mama wamenitajia, nikaona midomo ikicheza bila sauti. Wakaniandikia, nikaona karatasi nyeupe. Mjane hudhani namfanyia kiburi, na mimi hurudi bila msamaha.

Basi wewe uliyeachiwa ufunguo usio wako, uwe wa nyumba, wa ofisi au wa siri ya mtu, usijidanganye kwamba mwenyewe yuko mbali. Yuko msibani tu. Atarudi.