Saa Kumi Kwenye Ubao wa Mto

Ilianza Jumatatu moja katikati ya likizo ya Desemba, mwaka wa hamsini na nane, saa moja kamili asubuhi. Kengele ya shamba ilikuwa ikigongwa nami nimechuchumaa kwenye jiwe, nasoma ubao wenye alama za inchi uliosimamishwa ndani ya mto. Ishirini na mbili. Nikaandika. Baridi ya Subukia ilikuwa kali, lakini sikuijali. Tangu shule zifungwe, hakuna mtu aliyekuwa amenihitaji kwa lolote.

Mwenye shamba, mzungu, alitaka kujua kama mto wake unaweza kumpa umeme. Alihitaji mtu wa kuandika kimo cha maji kila saa, kutoka asubuhi mpaka saa moja jioni. Baba, ambaye alikuwa mkamuaji wake, alimwambia kwamba binti yake yuko kidato cha pili na ana mwandiko mzuri. Basi nikapewa kitabu, penseli na saa ya kuazima.

Nilikubali upesi kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu. Mama alikuwa ameenda kwao kumuuguza nyanya, pamoja na wadogo zangu. Baba aliamka alfajiri kukamua, na akirudi alilala. Wasichana niliocheza nao katika laini ya nyumba za wafanyakazi hawakuwapo tena: mmoja alikuwa ameolewa, na wengine walipakiwa kwenye malori ya serikali pamoja na wazazi wao wakati wa Hali ya Hatari. Nyumba zao zilikuwa bado tupu, milango wazi, mbuzi wanalala ndani. Kuna siku nilifika jioni nikagundua sijafungua mdomo tangu asubuhi.

Sasa niseme nilichokifanya. Saa kumi kengele ya kumaliza kazi ikigongwa, wanaume walishuka kuoga kwenye kona ya mto, pale pale karibu na ubao. Msichana hasimami mahali wanaume wanaoga. Hakuna aliyelifikiria hilo waliponipa kitabu, na mimi niliona haya kulitaja. Kwa hiyo kila siku kabla ya saa kumi nilipanda juu, nikakaa nyuma ya ghala la mahindi mpaka giza, nikajaza nafasi zilizobaki kwa namba ya saa tisa. Ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na mbili. Niliwaza, mto ni mto, utaenda wapi?

Jumatano akaja fundi wa kutia gurudumu la kuzungushwa na maji ili litoe umeme. Alikuwa mzee wa Mombasa, amejifunga shuka mbili juu ya koti na bado anatetemeka. Aliletwa kwa sababu zamani alimsaidia mzungu mwingine kujaribu gurudumu kama hilo huko pwani, mahali mto unapokutana na bahari. Alinieleza wakati akifunga mabamba yanayosukumwa na maji: maji ya bahari yakijaa, gurudumu linazunguka kuelekea bara, yakipwa, linasimama kidogo, kisha linazunguka kurudi. Walikaa pale miezi mitatu wakiandika saa za maji, mpaka chumvi ikala vyuma vyote.

"Wewe huna taabu hiyo," aliniambia. "Mto wako una tabia nzuri. Nimeona kitabu."

Aliniita mwanangu. Aliniuliza shuleni tunakula nini, na nilipomwambia akacheka mpaka shuka moja ikaanguka majini. Kwa siku mbili nilizungumza zaidi kuliko mwezi mzima.

Alhamisi gurudumu lilizunguka mchana kutwa, na balbu ndani ya kibanda cha kando ya mto ikawaka. Jioni mwenye shamba akaja na wageni wake kuiona. Balbu ikawa nyekundu kama kaa la moto, halafu ikazima. Gurudumu lilikuwa limesimama. Fundi akasema kwamba huenda maji yamepungua. Mwenye shamba akanyoosha mkono, nikampa kitabu, akakisoma kwa tochi. Kitabuni maji yalikuwa yale yale tangu Jumatatu, na hakuna aliyeshuka gizani kuutazama ubao. Akamwambia fundi kwamba ana mpaka Jumamosi. Baada ya hapo apande gari la moshi arudi kwao. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, nikarudishiwa kitabu nikakifunga.

Ijumaa fundi alishinda karakanani akifungua vyuma vyake kimoja kimoja. Nilimpelekea chai. "Kitabu chako kinasema maji hayakupungua," akasema bila kuinua uso. "Basi kosa ni langu. Sijui liko wapi, lakini ni langu."

Saa kumi kengele ilipogongwa, sikupanda juu. Niliinamisha kichwa nikabaki kwenye jiwe. Wanaume walishuka, wakasita, mmoja akasema kwa sauti, "Leo karani amekuja kutupima sisi." Wakacheka. Masikio yaliniwaka moto. Nilitazama ubao tu. Ishirini na mbili. Baada ya nusu saa, kumi na tisa. Saa kumi na moja, kumi na sita.

Niliuliza, nikiwa nimewapa mgongo, kama maji huwa yanapungua hivi.

"Kila siku," mmoja akajibu. "Kule shamba la juu wakianza kumenya kahawa iliyochumwa, wanafungulia maji yote kwa mfereji wao. Huoni tunavyooga haraka? Ukichelewa unaoga matope. Usiku yanarudi."

Wote walijua. Hakuna aliyewauliza.

Nilimkuta fundi bado karakanani. Nikamwambia yote, hata lile ghala. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Siku ngapi?"

"Zote."

"Mimi nimezaliwa kwenye maji ya kupwa na kujaa," akasema, "nikaja huku nikaamini mto usiokuwa na saa zake." Hakuniita mwanangu. "Kesho umwambie mwenyewe."

Asubuhi yake, Jumamosi, nilisoma ubao saa moja kama kawaida, nikaandika. Kisha nikapanda mpaka nyumba kubwa, nikasimama mlangoni mwa ofisi, kitabu kimefunguliwa. Namba zote za uongo nilikuwa nimezipiga mstari mmoja, ili zisomeke. Nilizungumza nikitazama viatu vya mwenye shamba. Alisema fundi atabaki, watatafuta njia ya kulimbika maji mchana, yakusanyike kwa ajili ya jioni. Kitabu akakitia ndani ya droo ya meza, akanyoosha mkono apewe na ile saa.

Nilishuka mtoni. Fundi alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, amenipa mgongo, anafunga mabamba. Nilikaa kwenye jiwe langu nikasoma ubao. Ishirini na mbili. Sikuwa na mahali pa kuandika.