Kichaka cha Mugure na Migomba ya Jirani

Asubuhi, umande ungali juu ya nyasi za Subukia, Mugure ameinama chini ya ng'ombe wa bwana mzungu, paji la uso limeegemea ubavu wa mnyama, maziwa yanalia chwa, chwa, ndooni. Akimaliza kukamua atapanda kilimani, kwenye shamba lake.

"Lake" ni namna ya kusema tu. Ardhi yote ni ya bwana. Wafanyakazi huonyeshwa mahali pa kulima. Lakini Mugure huliita githaka.

Kwa Kikuyu, githaka ni kichaka, na ndiyo pia ardhi ya mtu. Wazee waliipata kwa panga: aliyetangulia kufyeka ndiye mwenyewe, na jina la kichaka likabaki hata miiba ilipokwisha.

"Aliyeazimwa ardhi alipanda maharagwe na mahindi tu," Mugure aeleza. "Mgomba, hapana! Ukipanda kitu cha kukaa, umechukua."

Kichaka hiki alikifyeka na marehemu mumewe, miiba ikiwachana mikono. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wakikuyu wengi mashambani mwa wazungu, alipakiwa kwenye lori na watoto watatu hadi Nyeri, ambako hakuwa na hata tuta la viazi. Jembe alimwachia jirani yake Nanyama, Mbukusu, mama yake Wasike.

Mwaka jana Mugure aliitwa kazini tena. Hata mzigo hakuutua. Alikwenda kwanza shambani. Akakuta migomba imesimama pembeni kote, minene, imeshiba.

"Nikasema, Mama Wasike amenila. Watoto nitawalisha nini?"

Hakumsalimu tena jirani yake, mpaka Nanyama akamzibia njia ya mtoni.

"We Mugure, nimekukosea nini? Hata moto huji kuomba?"

"Kaiulize migomba yako."

"Yangu?" Nanyama akacheka mpaka akashika kiuno. "Nyapara Kiprugut alitaka kumpa mtu mwingine shamba lako. Nikapanda, nikamwambia: hii ni ya Mugure, atakuja kuila. Kwetu penye mgomba pana mwenyewe. Haya, njoo uchukue jembe lako. Mpini nimeutia mpya, ule wako uliliwa na mchwa."

Mugure alilia palepale, mtungi mgongoni.

"Wanangu wanashiba kwa sababu ya huyu," asema sasa. "Mungu amzidishie."

Shamba la Nanyama mwenyewe ni mawe matupu. Kwa hiyo Mugure amemwomba nyapara kichaka cha ng'ambo ya kijito, naye amekubali. Mvua za Machi zikikaribia, atakifyeka kwa ajili ya rafiki yake.

"Wewe?" Nanyama adakia, akimenya ndizi. "Utaniachia visiki tupu!"

"Piga panga la kwanza wewe, Mama Wasike, watu wakuone," Mugure ajibu. "Visiki niachie mimi."