Marufuku ya Salamu

Ugatuzi ulipotuletea kaunti, ulimletea mume wangu kofia. Aliteuliwa msimamizi wa wadi, kwa majaribio, na kofia hiyo ya kaki aliivaa hata akinywa uji. Jioni redio ikitaja ugomvi wa nchi yetu na majirani, aliongeza sauti na kunihutubia: taifa lisiloogopwa litachezewa, na serikali huanzia wadini. Nilisema likiheshimiwa inatosha. Akaniambia nikoroge chai. Niliikoroga, lakini sukari nikamnyima.

Basi akaamua tuogopwe. Alinunua miwani myeusi, akaziba mlango wa ofisi kwa meza, kisha akapiga marufuku salamu, eti zinakula muda wa serikali. Kweli salamu zetu ni ndefu. Unauliza watu, watoto, ng'ombe, mbuzi, ngamia, nyasi, maji, ndipo mtu ataje kilichomleta. Sasa wazee wakawa wanafika, wanataja shida, wanaondoka. Mume wangu alirudi nyumbani kifua mbele.

"Umeona? Wamenyooka!"

Siku ya kupimwa ikafika. Mkubwa wake alikuwa anatoka ziara upande wa Merti, apitie kwetu aamue kama mume wangu atathibitishwa kazini au atarudi kuchunga mbuzi za baba yake. Kofia iliniudhi, lakini nilitaka sana aipate ile kazi. Mbuzi za baba yake nazijua, na zenyewe hazimwogopi.

Watu walijaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi, kimya. Mume wangu alisimama juani, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Jua likafika utosini, gari halijaonekana, simu ya mkubwa haipatikani. Alininong'oneza kwamba amefutwa kazi bila hata kuambiwa. Nilimhurumia kwelikweli.

Nikaanza kugawa chai ya maziwa ya ngamia. Mbele alikaa mzee mmoja mfugaji, na kwa kuwa mimi sikuwa na kofia, nilimsalimu.

"Salaam aleikum, mzee wangu."

"Aleikum salaam, mama. Watoto wazima?"

"Wazima. Mbuzi je?"

"Mbuzi iko sawa."

"Na mvua?"

"Mvua ilinyesha huko juu usiku. Lagga, ule mto mkavu wa karibu na Gotu, imejaa maji. Gari ya serikali imekwama hapo tangu alfajiri, niliipita nikija. Mtu mnene amekaa juu ya gari, viatu mkononi."

Birika nusura liniponyoke. Mume wangu alivua miwani.

"Mzee! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Habari ya mvua inakuja na salamu. Wewe ulikataza salamu, na sisi tunakuogopa. Tukanyamaza."

"Basi twendeni tumtoe!"

Hakuna aliyeinuka. Mume wangu alinitazama. Nikamwonyesha kofia kwa kidevu. Akaivua, akainama mbele ya mzee, akaanza mwanzo kabisa: watu, watoto, ng'ombe. Mkubwa wake yuko juu ya gari, yeye anauliza nyasi! Hakuruka hata ngamia mmoja. Alipomaliza kuuliza maji, wanaume wote walisimama na kamba zao.

Mkubwa aliletwa jioni, matope hadi kiunoni. Alitazama ule umati uliomvuta.

"Naona hapa serikali inaogopwa sana."

"Hapana, mheshimiwa," mume wangu akasema. "Wangeniogopa, ungelala huko."

Kazi alipewa. Kofia nimempa kuku, anaatamia mayai humo.