Boti Walimonywea Ng'ombe wa Dutwa

Mtu akiniuliza soko huria lilituletea nini Dutwa, simwelezi habari za malori ya wanunuzi binafsi wa pamba wala mabunda ya mitumba. Namweleza habari za Mama Salu.

Jina lake la ubatizo ni Debora. Alizaliwa Lamadi, ziwani, katika ukoo wa wavuvi, akaolewa Dutwa kwenye pamba na ng'ombe. Mumewe, Magese, ni mkulima mpole mwenye zizi kubwa, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyakaribia kwa hiari yake ni ya lambo, lile bwawa la kuchimba tunalonyweshea mifugo. Mama Salu mwenyewe ni mrefu, hucheka kabla hajamaliza sentensi, na wakati wa mambo haya watoto wake wote walikuwa wameshaoa na kuolewa. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni, nimetoka chuoni karibuni, nimepanga chumba jirani na mji wake. Ndiyo maana niliyaona yote.

Boti yenyewe ilikuja kabla yangu. Mradi mmoja wa uvuvi uliagiza boti ya faiba, nyeupe, na injini yake, ikavutwa na gari kuelekea ziwani. Ilipofika Dutwa ekseli ya tela ikakatika. Dereva akaiacha nyuma ya ghala la pamba la ushirika, akasema anarudi na fundi. Mradi ukafa kabla fundi hajapatikana. Boti ikakaa juani miaka nenda rudi, kuku wakitaga chini yake, na huko Lamadi wavuvi wakipiga makasia mpaka viganja vinachubuka. Nikikumbuka, damu inanichemka hadi leo. Tuliimbishwa shuleni kwamba mali ya umma ni mali ya kila mtu. Nyuma ya ghala lile niliona jinsi mali ya kila mtu inavyoweza kukosa hata mtu mmoja wa kuifunika turubai.

Biashara ilipofunguliwa, ghala likapangishwa kwa mnunuzi binafsi, naye akataka uwanja wa kuegesha malori. Wanachama wakaitwa mkutanoni. Nani ataondoa lile dude?

"Mimi," akasema Mama Salu kutoka nyuma.

"Utalipeleka wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Ukalifanyie nini?"

"Nitalipanda."

Mkutano mzima ukacheka, na katika kicheko hicho hicho wakampa, pamoja na injini iliyoviringishwa kwenye gunia. Maksai wa Magese wakaivuta boti hadi nyumbani juu ya magogo, Magese akitembea pembeni kama mtu anayesindikiza mgonjwa asiye wa kwake.

Wakaiweka karibu na zizi. Mvua za mwisho za msimu zikaijaza, na ng'ombe wakagundua kwamba maji ya humo ni matamu kuliko ya lambo. Kila jioni walikuwa wanajipanga pande mbili za boti, vichwa ndani, mikia nje. Boti ilikuwa imepasuka mahali padogo juu ubavuni na mahali pakubwa chini ya tumbo, lakini pa chini palikuwa pamezibwa na matope yaliyokauka, hivyo maji yakakaa. Magese alipenda sana. Hakuwa amewahi kumiliki birika la kunyweshea zuri kiasi kile, na la bure.

Luhende, mdogo wake Magese, alikuwa ndiye shemeji wa utani wa Mama Salu, na hakuwahi kuiacha nafasi ya utani impite.

"Mwangaluka, shemeji. Abiria wako leo wanakwenda wapi?"

"Mwangaluka. Wanakwenda Ukerewe. Ingia, nafasi ya ndama bado ipo."

Lakini Magese hakuwa anatania. Siku moja aliketi na mkewe mbele yetu sote, akasema, "Mama Salu, nimekuachia, sikukukataza. Lakini hiki kitu kinakaa njiani kwa ng'ombe. Tupatane. Siku ile mvua mpya itakapoingia lambo, jua likizama siku hiyo kama hakijaelea majini, basi ni birika. Nitakichimbia papo hapo, na habari za boti ziishe."

"Nimekubali," akasema Mama Salu, bila kucheka. Hapo nikajua jambo hili ni zito.

Nilimuuliza baadaye, akiwa anachambua pamba, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, kwa nini usimwachie tu birika lake?"

Akanieleza. Baba yake alikuwa na mitumbwi mwaloni, pale ufukweni vyombo vya wavuvi vinapopakulia samaki, na watoto wa kiume walipanda tangu wakiwa wadogo. Yeye alikuwa anatengeneza nyavu, anapara samaki, anabeba makasia hadi majini. Kisha anaambiwa, rudi. Mwanamke akipanda chombo cha kuvulia, walisema, samaki wanakimbia. Amezaliwa ziwani, amelelewa na ziwa, na hajawahi kukaa ndani ya chombo kinachokwenda hata siku moja.

"Sasa mwalimu, nataka chombo ambacho hakuna mtu wa kuniambia nishuke. Nitazunguka mialo nakusanya samaki, nawapeleka Lamadi, wengine nawaleta hapa mnadani. Na hao samaki wakitaka kukimbia, wakimbie. Nina injini."

Nilirudi chumbani kwangu nimewaka. Nilitaka kuandika makala gazetini, nilitaka kuitisha mkutano. Mama Salu alitaka mtu wa kumshikia msasa. Nikaenda kushika msasa.

Vumbi la faiba lisikieni kwa wenzenu. Linawasha kama upupu. Tulikwangua boti ile jioni mbili, na mji mzima ukajikuna: watu, mbuzi, hata mama mkwe wake, bibi Veronica, aliyekuwa ameketi mbali upande wa upepo.

"Debora mwanangu," akaita yule bibi huku akijikuna mgongo kwa mwiko, "hiki kitu kinawasha hivi kikiwa kimekufa. Kikifufuka je?"

Ikafika siku ya kuziba. Hapo ndipo Mama Salu alipofanya kosa ambalo nadhani lingefanywa tu na mtu aliyezaliwa Lamadi akaolewa Dutwa. Kule kwao mitumbwi ya mbao hukalafatiwa kwa pamba: unaisokota, unaipaka mafuta, unaigongomea katikati ya mbao. Ikinywa maji inavimba, na mwanya unajifunga. Na sisi Dutwa pamba tunayo mpaka chini ya vitanda. Basi akachagua pamba nyeupe, daraja la kwanza, akaijaza katika ule mpasuko wa tumboni, akaifunika juu kwa lami aliyoichemsha. Ikapendeza. Luhende akasema imepata kitovu.

Ziwa likiwa mbali, tuliijaribu kinyume: badala ya kuiweka boti majini tuliweka maji botini. Wanawake wa jirani wakabeba ndoo, wakiimba na kumtania. Maji yakapanda, yakatulia. Hakuna tone lililotoka. Mama Salu akaanza kupiga vigelegele.

Ila pamba ni pamba. Ilikunywa, ikavimba kama alivyotaka, lakini faiba si mbao. Mbao hubanana na pamba. Faiba haina cha kubana. Tukasikia *pwaa!* na kile kitovu kikaruka chini na lami yake, maji yakafuata, bata wakashangilia. Ng'ombe waliokuwa wanasubiri zamu wakatutazama kwa lawama.

"Pole, shemeji," akasema Luhende. "Birika limekojoa."

Mama Salu alikaa chini kwenye tope akacheka mpaka machozi. Kisha nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimesimama. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Magese aliona pia. Akaenda kutafuta jembe la kuchimbia.

Msaada ulitoka Bariadi, kwa Joakim, fundi wa kunyoosha mabodi ya magari. Mabasi ya siku hizo yalikuwa yanakuja na vipande vya mbele vya faiba, vikipasuka anavitibu yeye. Mama Salu alimfuata kwa basi, akamkuta chini ya lori, akaongea na miguu yake mpaka mtu mzima akatoka. Joakim akacheka sana habari ya pamba, akasema faiba huzibwa kwa faiba: mkeka wa nyuzi za kioo, gundi yake, na dawa kidogo ya kuigandisha. Vitu vyenyewe vilikuwa vinapatikana Mwanza madukani, mtu yeyote ananunua bila kibali. Novatus, kaka yake Mama Salu aliye Lamadi, akavileta kwa basi. Joakim akaahidi kuja Dutwa Jumamosi.

Lakini Ijumaa ngurumo zilisikika, na Mama Salu hakuweza kungoja. Aliikoroga gundi mwenyewe katika sufuria, kwa mwiko. Alipoona haigandi akaongeza dawa, kama mtu anayeongeza unga. Ikaanza kutoa moshi. Ikawa moto. Kufumba na kufumbua ikawa jiwe, na mwiko umesimama katikati kama bendera ya shule.

"Hee! Ugali gani huu?" akauliza bibi Veronica. Sufuria ilikuwa ni yake.

Bahati gundi ilikuwa imebaki kwenye kopo. Jumamosi Joakim akaja, akautazama ule mwiko kwa heshima kubwa, akasema dawa ni ya matone, mama, si ya vikombe. Wakafanya kazi pamoja kwenye mipasuko yote miwili: mkeka, gundi, mkeka tena, ndani na nje, huku Joakim akiiuguza na injini ndani ya pipa la maji mpaka ikakohoa, ikatema masizi, ikawaka. Ng'ombe wakavunja zizi. Tulitumia mchana uliobaki kuwatafuta.

Usiku ule mvua ikanyesha. Si manyunyu, mvua yenyewe, ile ya kumwagika. Asubuhi lambo lilikuwa limejaa hadi kwenye tuta, vyura wanapiga kelele kama wako mkutanoni. Magese alitoka na jembe begani.

"Mama Salu, mvua imeingia lambo."

"Nimeiona, Baba Salu."

"Lamadi ni mbali. Barabara ni tope, hakuna lori litakalopita leo wala kesho. Jua likizama nachimba. Tulipatana."

"Tulipatana kielee wapi?"

"Majini."

"Ulisema ziwani?"

Magese akalihamishia jembe bega la pili.

"Ulisema majini," akasema Mama Salu. "Na lambo lina nini, uji?"

Bibi Veronica ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akashikilia nguzo ya nyumba. "Magese mwanangu, umekamatwa. Wewe mwenyewe ulilitaja hilo lambo kwa kinywa chako. Leta maksai!"

Luhende, ambaye hakutaka kupitwa na jambo lolote la kuchekesha, akawafunga nira yeye mwenyewe. Kijiji kizima kilifuata. Boti ikateleza juu ya tope kuliko ilivyowahi kuteleza juu ya magogo, ikapanda tuta, ikasimama pale juu, pua yake nyeupe ikitazama yale maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Nani anaingia kwanza?" akauliza Luhende. "Shemeji, wewe subiri nchi kavu. Tuiingize mimi na mwalimu tuone kama inavuja. Ukizama wewe nani atatupikia?"

Alisema kwa mema, nadhani. Mama Salu alikuwa ameshakunja kanga. Alimtazama Luhende kama vile alikuwa anamsikia mtu mwingine, wa zamani sana.

"Kaa pembeni, shemeji," akasema.

Akapanda. Akakaa mbele kabisa, mikono juu ya kingo mbili. Tukasukuma. Boti ikashuka tuta kwa kishindo, ikazamisha pua, ikainuka, ikayumba kulia, ikayumba kushoto. Ikaelea. Mama Salu akainama kutazama lile kovu la mkeka chini ya miguu yake. Akalipapasa kwa kiganja. Akatuonyesha kiganja: kikavu.

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia kanisani wala harusini.

Hakucheka. Alikaa tu, boti ikizunguka polepole yenyewe katikati ya lambo, uso wake ukielekea kwetu, kisha kwenye mashamba, kisha kwetu tena. Nilifundishwa chuoni maneno mengi juu ya uhuru, mazuri tu, na ninayaamini. Siku hiyo niliona linavyokaa neno lenyewe, limekunja kanga mpaka magotini.

"Baba Salu!" akaita hatimaye. "Njoo uhakikishe. Usije ukasema nimekudanganya."

"Nimeshaona kutoka hapa."

"Njoo!"

Ilibidi abebwe mgongoni na mdogo wake mpaka botini. Alikaa ameshika ubao kwa mikono miwili na jembe lake bado liko begani, akavutwa kwa kamba akavuka lambo, akarudi. Akashuka. Watu wakasogea kusubiri neno lake.

"Inaelea," akasema Magese. Akafikiri kidogo. "Sasa ng'ombe wangu watanywea wapi?"

Barabara ilipokauka, lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kupeleka pamba likaibeba boti hadi Lamadi. Nilikuwepo. Novatus alikuwa ameleta rangi, akauliza aandike jina gani. Wenzake mwaloni huandika majina ya watakatifu, au maneno ya kuwachoma mahasidi. Mama Salu hakufikiri, akalitaja. Na ndilo jina linaloonekana hadi leo kila asubuhi, boti inapoingia mwaloni imejaa sato na sangara, yeye akiwa nyuma ameshika usukani wa injini. Wageni huuliza kwa nini chombo kizuri hivyo kimeandikwa BIRIKA.

Kule Dutwa, Magese alichimba shimo lake karibu na zizi, akajenga birika la saruji. Mkewe ndiye aliyeleta saruji. Ng'ombe hawalipendi. Wanasema, yaani Luhende anasema wanasema, maji ya boti yalikuwa matamu zaidi.